Ukinyamaza, Umeshasemewa

Wanaozungumza hapa ni watatu, na mahali ni Ng'ambo, mjini Unguja, kwenye baraza ya simenti iliyo baina ya mlango wa nyumba na mlango wa duka. Maalim alizaliwa Chake Chake, akasomesha historia Unguja mpaka akastaafu. Mwenye Duka naye ni Mpemba, wa Wete, anauza mchele, sukari na sabuni. Binti ni mtoto wa kaka yake Maalim, wakili. Anakaa kizingitini kwa kuwa baraza za wanaume hazina desturi ya kumsogezea mwanamke nafasi, na bado ndiye anayesikika vizuri kuliko wote. Majina sikuwapa. Maneno yao nimeyaokota kwenye baraza nyingi nikayaketisha pamoja, na pale niliposhindwa kuvumilia nimeingilia. Wanabishania jambo moja: mtu aiseme siasa yake mbele za watu, au aiweke kifuani?

MAALIM: Mimi nasema. Nimesema tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na nitasema mpaka nizikwe. Anayekuja hapa kunywa kahawa anajua anakaa na nani. Akitaka kubisha, abishe. Akitaka kuondoka, njia nyeupe. Nisiyemuweza ni yule anayekunywa kahawa yangu, kila neno "naam, naam", halafu ukimuuliza yeye anaonaje, anatazama saa.

MWENYE DUKA: Huyo ni mimi, Maalim, huna haja ya kuzunguka. Akija wa kijani cha CCM namuitikia, akija wa zambarau ya ACT namuitikia. Mimi nauza mchele. Wanaotaka mawazo yangu hawajaniambia watayanunua kwa bei gani.

MAALIM: Ndipo hapo. Nchi imejaa waitikiaji. Hakuna anayejua jirani yake anawaza nini, basi anayewasemea wote ni mwenye kipaza sauti.

MWENYE DUKA: Hebu nikusimulieni la daftari. Mwaka 1995 nilikuwa na duka Wete, dogo kuliko hili. Nilikuwa na daftari la madeni, lile refu jembamba: jina, kilo, tarehe. Kwetu watu hukopa mchele na unga, wakalipa wakishauza karafuu. Sasa binamu yangu alikuwa mtu wa chama tawala. Siku moja, uchaguzi umeshapita, nilipanda gari yake tukaenda kuzika Micheweni. Tukaonekana. Wiki haikwisha, wateja wakawa wanapita mbele ya mlango wangu wakenda duka la pili. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyevunja kitu. Nilisusiwa tu. Na waliotangulia kunisusia ni wale waliomo daftarini, kwa sababu mtu ukishamsusia huwezi tena kwenda kumlipa. Sikutamka neno moja la siasa, Maalim. Nilipanda gari.

BINTI: Mjomba, kisa hicho kinakusaidia wewe au kinamsaidia ami?

MWENYE DUKA: Kinanisaidia mimi. Ikiwa gari peke yake ilinifungia duka, ningefungua mdomo ingekuwaje?

BINTI: Mimi nimekisikia kinyume. Ulinyamaza, na kunyamaza hakukukinga. Wenzako walikusemea. Halafu ukahamia Unguja, ukawa nani?

MWENYE DUKA: Mpemba.

BINTI: Na Mpemba ni chama gani?

MWENYE DUKA: (anacheka) Hapo sasa. Kule nilisusiwa kwa kuwa wa huku, na huku nikatazamwa kwa kuwa wa kule.

Niseme neno kwa asiyekulia visiwani. Katika uchaguzi ule wa 1995, urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 za Salmin Amour wa CCM, chama tawala, dhidi ya 49.8 za Seif Shariff Hamad wa CUF, chama cha upinzani. Viti vyote 21 vya Pemba vilichukuliwa na CUF. Unguja CUF ilipata vitatu tu, na vilivyobaki vikaenda CCM. Ukisoma hesabu hiyo unadhani ni ramani. Kwa watu wa kawaida ilikuwa zaidi ya ramani, kwani tangu hapo lafudhi ikawa kadi ya chama. Mtu anafungua mdomo kuulizia bei ya vitunguu, na msikilizaji keshajua, au anadhani keshajua, alitia tiki wapi. Binti ana haki: Mwenye Duka anatunza siri ambayo kila mtu anaamini anayo.

MAALIM: Na hilo halikuanza 1995. Uchaguzi wa Januari 1961 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, Chake Chake. Kiti chetu kilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi, ASP, kwa tofauti ya kura moja. Kura moja, yakhe! Mji mzima uligeuka karani. Nani aliumwa asiende kituoni? Mke wa nani alikuwa na uchungu? Aliyesema upande wake hadharani hakuhojiwa na mtu, amejulikana, ana maadui zake na ana watu wake. Waliosakamwa ni wanyamavu. Kila mnyamavu akawa ndiye ile kura.

MWENYE DUKA: Na Juni mwaka huo huo?

MAALIM: Juni ukaitishwa uchaguzi mwingine, na Unguja wakafa watu 68.

MWENYE DUKA: Waliouawa waliulizwa kwanza maoni yao?

MAALIM: Hawakuulizwa.

MWENYE DUKA: Basi.

MAALIM: Si "basi". Unanitajia waliouawa kwa kuonekana wa upande fulani, si kwa maneno yao. Unarudi kule kule kwenye hoja ya mwanangu.

BINTI: Lakini ami, kuna waliolipa kwa kujulikana tu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Baada ya uchaguzi wa 1957 kuna wakulima waliofukuzwa kwenye mashamba waliyokuwa wakilima chini ya minazi na mikarafuu ya watu, kwa sababu ni ASP. Na wenzao wakajibu kwa kuyasusia maduka ya Wamanga, Waarabu wenye maduka. Kura ilikuwa ya siri wakati ule. Siri ilibaki sandukuni. Nje ya sanduku watu walihamishwa na vyungu vyao.

MWENYE DUKA: Maduka tena. Mnaona? Tangu 1958 siasa ikiumwa, dawa anapewa mwenye duka.

Kicheko kilichofuata hapa nimekisikia mara nyingi, na hakina furaha nyingi ndani yake. Kususia ndiyo silaha ya visiwani. Haina damu, haina kesi, polisi hawawezi kuikamata. Hutamuona mtu akifanya jambo. Unachokiona ni lile asilolifanya: hakununua, hakuja harusini, hakushika jeneza. Na kwa Waislamu waliozaliwa mtaa mmoja, kutozikana ni jambo zito kuliko tusi lolote.

MWENYE DUKA: Nikupe jingine. Mwaka 1988 nilikuwa Mombasa kwa mjomba wangu. Kenya walikuwa wanachagua kwa mlolongo. Katika mchujo wa KANU, chama tawala, hakuna karatasi, hakuna kituturi. Mgombea ana wakala wake ameshika picha, nawe unakwenda kujipanga nyuma ya picha, mchana kweupe, chifu anakutazama, mwajiri wako anakutazama, anayekudai anakutazama. Na anayepata asilimia 70 ya foleni amepita bila kupingwa. Maalim, si huo ndio uwazi wako? Kila mtu kasema.

MAALIM: Ule si uwazi. Pale hakuna aliyesema. Walisimamishwa.

MWENYE DUKA: Tofauti iko wapi?

MAALIM: Aliyesema kwa hiari angeweza kutosema. Viongozi wa makanisa kule waliupinga tangu 1986 kwa sababu hiyo hiyo: padri atasimamaje nyuma ya picha ya mtu, na waumini wake nusu wamesimama nyuma ya picha nyingine? Na uwazi wenyewe haukuzuia wizi. Kila Mkenya wa rika langu atakusimulia foleni fupi iliyotangazwa kuwa ndefu, watu wamesimama pale pale na macho yao. Desemba 1990 wakaufuta.

BINTI: Ami, sisi hatuna mlolongo lakini tuna wino.

MAALIM: Wino umefanya nini?

BINTI: Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa tarehe 28, ukarudiwa Machi 20, 2016. CUF ikawaambia watu wake wasishiriki. Sasa fikiria siku ya pili yake. Kidole chenye wino kina maana gani?

MWENYE DUKA: Niulize mimi! Mteja ananyoosha mkono kunipa noti, na aliyesimama nyuma yake hatazami noti.

BINTI: Wino uliwekwa ili mtu asipige kura mara mbili. Siku ile ukawa unataja chama. Na asiye na wino naye katajwa. Hapakuwa na namna ya kukaa kimya, hata ukikata kidole.

Nimekuwa nikitafuta mfano bora wa jambo hili na sijaupata. Kura ya siri inalinda karatasi. Haimlindi mtu aliyekwenda au asiyekwenda, ikiwa kwenda kwenyewe kumekuwa kauli. Na kule Pemba baada ya Machi ile zilivuma habari za watu kukatiwa mimea yao shambani na wengine kukataliwa kwenye gari za abiria. Hawakuwa wamehutubia popote.

BINTI: Na kuna chumba kingine ambacho nyinyi wanaume mnakiruka. Mnasema barazani, maskani, mkutanoni. Mke anasema wapi? Baada ya 2015 zilitangazwa habari za wanawake walioachika kwa sababu ya kura zao. Sheria imempa kituturi. Lakini akirudi nyumbani mume anamuuliza, "Umempa nani?" Akisema ukweli, keshajibu. Akisema "ni siri", keshajibu pia, tena vibaya zaidi. Atabaki kusema uongo, na uongo huo ndio unaomlinda.

MAALIM: Mume wa namna hiyo ni mjinga.

BINTI: Ni mjinga mwenye talaka mkononi, ami.

Maalim hakuwa na jibu, na sidhani kuna jibu la barazani kwa hilo. Niliwahi kudhani kwamba mjadala huu ni baina ya majasiri na waoga. Ukimsikiliza Binti unaona ni baina ya wanaoweza kusamehewa na wasioweza. Pensheni ya Maalim haisusiwi. Inaingia benki, benki haina baraza.

Mwenye Duka aliliona hilo mapema kuliko mimi.

MWENYE DUKA: Maalim, umesema unasema wazi tangu 1992. Ulistaafu lini?

MAALIM: 2009.

MWENYE DUKA: Miaka kumi na saba hiyo, skuli ulikuwa unasema?

MAALIM: Skuli sikusema. Mtumishi wa serikali, watoto wa watu mbele yangu. Isingefaa.

MWENYE DUKA: Ulisema wapi?

MAALIM: Barazani.

MWENYE DUKA: Baraza ipi? Hii?

MAALIM: Hii haikuwapo. Kule tulikokuwa tukikaa zamani.

MWENYE DUKA: Na waliokuwa wakikaa kule ni akina nani?

MAALIM: (kimya kidogo) Watu wetu.

MWENYE DUKA: Ahaa.

Hiyo "ahaa" ningependa kuikalia, kwa sababu ndipo ninapotofautiana na Maalim na Mwenye Duka wote wawili. Mji wa Unguja haukosi uwazi wa siasa. Nenda Michenzani, maskani ya Kisonge ina ubao wake na kila mpita njia anajua ni ya CCM. Ingia Mji Mkongwe mpaka Jaws Corner, kahawa inamiminwa na kila mnywaji anajua amekaa na wapinzani. Machi 2019, Seif Shariff alipohamia ACT-Wazalendo, ofisi za CUF zilipakwa zambarau kwa kasi ambayo rangi haikupata hata kukauka. Shusha tanga, pandisha tanga, wakasema, na ushabiki wote ukahama na jahazi. Hakuna nchi ninayoijua ambako upande wa mtu uko wazi kuliko hapa. Bendera, rangi, lafudhi, mtaa, kidole.

Lakini hayo yote ni kuonyesha. Kuambiana ni jambo jingine. Maskani inawaambia watu wake wanachokijua tayari, na mpita njia inamuonyesha rangi. Yule aliyekaa na watu wake kwa miaka kumi na saba akisema kwa sauti kubwa, na yule aliyekaa dukani akiitikia kila mtu, wote wawili hawajamwambia mtu wa upande wa pili neno lolote ambalo lingemfanya afikiri. Upande wao unajulikana. Maoni yao hayajulikani.

MAALIM: Mwandishi anatufanya sisi sote sawa. Mimi nilihatarisha kitu.

BINTI: Ulihatarisha, ami, sikatai. Lakini katika darasa la vyama vingi wewe ndiye unayependa kututajia Tume ya Nyalali.

MAALIM: Naipenda kwa haki. Mwaka 1991 Jaji Nyalali na tume yake walizunguka Bara na Visiwani kuwauliza watu. Kama asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi. Wachache wale walisema mbele ya tume, mbele ya wenyeviti wao wa mitaa, na nchi ikabadilika kwa ajili yao. Wangenyamaza, asilimia ingekuwa mia.

MWENYE DUKA: Na wale themanini walisema walichoamini, au walichozoea?

MAALIM: Hilo hakuna anayelijua.

BINTI: Wala halitajulikana. Watu waliokaa karibu miaka thelathini chini ya chama kimoja wakiulizwa hadharani, jibu lao linahesabika lakini halipimiki. Hapo ndipo ninapokuunga mkono, ami: wachache wale walisema sababu zao. Hawakupeperusha kitambaa.

MWENYE DUKA: Mnazungumza kama kwamba maneno ya watu wadogo ndiyo yanayoleta mambo. Mimi niliona kilicholeta. Novemba 5, 2009, Rais Karume na Seif Shariff walikutana Ikulu, wakubwa wawili, mlango umefungwa. Wakatoka wakipeana mikono, na watu wasiozikana wakaanza kuzikana. Mwaka wa pili Julai 31 ikaja kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, serikali ya umoja. Binamu yangu yule wa gari alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Nani alisema barazani ndipo hayo yakawa? Hakuna. Wakubwa walitupa ruhusa.

MAALIM: Na 2015 wakaichukua ruhusa yao.

MWENYE DUKA: Wakaichukua. Ndiyo maana mimi naitikia.

Hoja hii ya Mwenye Duka ndiyo nzito kuliko zote alizozitoa, na nadhani yeye mwenyewe hakuipa uzito wake. Amani iliyotolewa na wakubwa kama ruhusa iliondoka nao walipogombana, kwa sababu chini yake watu walikuwa wamerudishiana mikono bila kurudishiana maneno. Walizikana, wakaoana, wakakopeshana, na siasa wakaiacha mlangoni kwa adabu. Mgogoro uliporudi, hakuna aliyekuwa na jirani wa upande wa pili ambaye sababu zake anazijua. Alikuwa anajua rangi yake tu.

BINTI: Basi tufanye jaribio, mjomba. Upande wako sikuulizi, na nikikuuliza una haki ya kunifukuza kizingitini. Nakuuliza karafuu. Mkulima alazimike kuliuzia shirika la serikali, ZSTC, au amuuzie amtakaye?

MWENYE DUKA: Hilo ni la siasa.

BINTI: Ni la karafuu.

MWENYE DUKA: (baada ya kuwaza) Amuuzie amtakaye. Mti wa babu yangu, kuchuma nachuma mimi, kuanika naanika mimi, halafu nikionekana na gunia pwani usiku, mimi ni mtu wa magendo. Nikiuza mchele wangu hapa nani ananiambia niuzie ofisi moja tu?

MAALIM: Upuuzi. Hujasoma jinsi wakulima walivyonyolewa kabla ya serikali kuingia. Tajiri anakuja na pesa kabla ya mavuno, ananunua karafuu ingali mtini, bei anayoitaka yeye, na mkulima anaanza msimu ana deni. Shirika lina makosa yake, lakini ni mnunuzi anayejulikana ofisi yake.

Msomaji aliyekwisha kumpa Maalim kadi ya kijani kwa jibu hilo amekosea. Na aliyempa Mwenye Duka ya zambarau, mimi sitamsaidia.

MWENYE DUKA: Anayejulikana ofisi yake? Miaka ya themanini Indonesia walipopanda karafuu yao wenyewe kwa ajili ya sigara zao, wakaacha kununua yetu, bei ikaanguka. Ofisi ilikuwapo, bei haikuwapo. Baba aliacha kupalilia.

MAALIM: Na tajiri wako wa Mombasa angekuwa analipa nini wakati huo?

MWENYE DUKA: Bei ya siku. Ndogo, lakini ningejua ni bei, si amri.

MAALIM: Na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, maana unajua vizuri haizai sawa kila mwaka, huyo wa Mombasa atakukopesha unga?

MWENYE DUKA: Unga nilikuwa nakopesha mimi, Maalim. Si Mombasa, si serikali.